Marekani: Maoni Bei Chee, Habari Bei Ghali

Mjomba wangu wa Tanga ana simu yenye kioo kilichopasuka na makundi sita ya WhatsApp. Karibu kila jioni hunitumia video ya Mmarekani fulani, aghalabu mwanamume aliyekaa ndani ya gari lililoegeshwa, miwani ya jua usoni, mkanda bado umembana kifuani, akieleza kwa nini nchi yake imekwisha. Rais mwizi. Wabunge wamenunuliwa. Televisheni zote zinadanganya. Wapigakura hawana akili. Na mjomba (yeye huniita mjomba nami humwita mjomba, ndivyo tulivyozoeana) huambatisha maswali yale yale mawili: "Mjomba, haya ni kweli? Na huyu bwana bado yuko uraiani?"

Ni maswali mawili, ila pale kijiweni kwao huyajibu kwa pumzi moja. Mmoja husema: kama yuko uraiani, basi asemayo yana ukweli, la sivyo wangeshamkamata. Mwingine husema: wamemwacha kwa sababu ni mropokaji tu, hana athari. Wote wawili wanadhani kwamba mahali fulani Washington kuna ofisi inayopima maneno ya watu, yapi yapite na yapi yazuiwe. Ofisi hiyo haipo. Ndiyo maana kuwa huru kwa msemaji hakukuambii lolote kuhusu ukweli wa alichosema.

Nianze na hilo la uraiani, maana lina kisa.

Tarehe 30 Machi 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi akitoka hotelini Washington. Huko Houston, Texas, binti wa miaka 19 aitwaye Ardith McPherson alikuwa kazini katika ofisi ya konstebo wa kaunti, ambaye huko ni mkuu wa polisi wa eneo, akiingiza kumbukumbu za mahakama kwenye kompyuta. Habari zikafika kupitia redio. Akaanza kuzungumza na mwenzake juu ya namna serikali ya Reagan ilivyokuwa ikikata misaada ya maskini, kisha akamalizia kwa kusema kwamba wakimwendea tena, anatumaini safari hiyo watampata. Mfanyakazi mwingine aliyasikia, akayapeleka kwa bosi. Siku hiyo hiyo binti akafukuzwa kazi.

Kesi ilichukua miaka sita. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba konstebo alivunja Katiba. Binti alikuwa akizungumzia jambo la umma, faraghani, na mwenzake. Hakuwa ametoa kitisho cha kweli. Na kazi yake ilikuwa ya karani, hakubeba bunduki wala kukamata mtu. Jaji Antonin Scalia, aliyekuwa upande wa wachache, alikasirika. Alisema hakuna idara ya usalama inayopaswa kumvumilia mtu anayepanda gari la polisi huku akiwashangilia majambazi. Siwezi kusema hoja yake haina uzito. Mimi mwenyewe sijui ningepiga kura upande gani.

Lakini angalia majaji wale watano hawakusema nini. Hawakusema maneno ya yule binti ni mema, wala hawakusema ni ya kweli. Walichosema ni kwamba serikali, na konstebo ni serikali, haikuwa na haki ya kumwadhibu kwa ajili yake.

Msingi wa hayo ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791: maneno 45 tu ya Kiingereza, yanayokataza Kongresi kutunga sheria ya kubana usemi, magazeti, dini, mikutano na malalamiko ya wananchi. Wamarekani huyataja maneno hayo kana kwamba yalianza kufanya kazi siku wino ulipokauka. Si kweli. Mwaka 1798, miaka saba tu baadaye, Kongresi ile ile ilipitisha sheria ya uchochezi, na mbunge mmoja wa Vermont, Matthew Lyon, akafungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 kwa kuandika kwamba Rais John Adams amelewa fahari na uroho. Wananchi wake walimchagua tena akiwa jela. Mwaka 1918 msoshalisti Eugene Debs alihutubia Canton, Ohio, akaipinga vita. Akapewa miaka kumi. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa gerezani Atlanta na kupata kura zaidi ya 900,000. Aliachiwa Krismasi ya 1921.

Kwa hiyo uhuru ule anaoushangaa mjomba, wa kumwita rais mwizi ukiwa umekaa kwenye gari lako, hauna umri mkubwa. Kwa sehemu kubwa ulijengwa katika miaka ya 1960, na una miguu miwili ambayo asili zake ukizijua utastaajabu.

Mguu wa kwanza ni wa watu weusi waliokuwa wakidai haki zao. Mwezi Machi 1960 wafuasi wa Martin Luther King walilipia tangazo la ukurasa mzima katika New York Times kuomba michango. Lilikuwa na makosa madogomadogo. Lilisema King amekamatwa mara saba, kumbe mara nne. Lilisema wanafunzi waliimba wimbo fulani, kumbe waliimba wimbo wa taifa. Kamishna mmoja wa jiji la Montgomery, Alabama, L. B. Sullivan, akashtaki kwamba amechafuliwa jina, ingawa jina lake halikutajwa popote katika tangazo hilo. Baraza la wazee wa mahakama huko Alabama likampa dola 500,000. Viongozi wengine nao wakapanga foleni na kesi zao. Aliyekuwa akilengwa ni gazeti lolote la kaskazini ambalo lingethubutu kutuma waandishi kusini. Makosa ya nyimbo yalikuwa kisingizio tu.

Mwaka 1964 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, ikaifuta hukumu hiyo. Kuanzia hapo, kiongozi wa umma anayedai kukashifiwa hana budi kuthibitisha zaidi ya kwamba umekosea. Athibitishe kwamba ulijua unasema uongo, au kwamba hukujali hata kidogo kama ni uongo ama kweli. Ni mlima. Wengi hawaupandi.

Mguu wa pili ni wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Clarence Brandenburg, kiongozi wa kundi hilo Ohio, alirekodiwa akihutubia wafuasi waliovaa kanzu zao, akitisha kulipiza kisasi dhidi ya serikali na kuwatukana Weusi na Wayahudi. Ohio ikamhukumu kifungo. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ikasema hata usemi huo hauadhibiwi, isipokuwa kama umekusudiwa kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo na unaelekea kweli kuuchochea. Inauma kumeza, lakini ndivyo ilivyo: sheria iliyomkinga aliyetetea haki za King ni ndugu ya sheria iliyomkinga aliyewachukia watu wa King. Mwamerika anayekuambia kwamba anaipenda ya kwanza na kuichukia ya pili hajaielewa bado nchi yake.

Sasa kuna fundo ambalo hata wenyewe huwapiga chenga. Kinga hii yote ni dhidi ya serikali. Mwajiri binafsi hayumo. McPherson angekuwa karani wa benki badala ya ofisi ya konstebo, angefukuzwa na asiwe na kesi yoyote ya Katiba, kwa sababu katika majimbo karibu yote mwajiri anaweza kukuachisha kazi kwa sababu yoyote ambayo sheria haikuitaja kuwa haramu. Kwa hiyo yule bwana wa kwenye gari yuko salama mbele ya polisi, lakini Jumatatu asubuhi meneja wake akiiona video, anaweza kumwambia akabidhi funguo. Na wapo waliokabidhi.

Fundo linazidi kukaza pale serikali inapomtumia mwajiri. Septemba 2025 mchekeshaji Jimmy Kimmel alitoa maneno kwenye kipindi chake cha usiku kuhusu kuuawa kwa Charlie Kirk, mwanaharakati wa mrengo wa kulia. Mwenyekiti wa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, Brendan Carr, akasema hadharani kwamba jambo hilo linaweza kumalizwa kwa njia nyepesi au kwa njia ngumu. FCC ndiyo inayotoa leseni za vituo vya televisheni. Kampuni mbili zenye vituo vingi, Nexstar na Sinclair, zikatangaza kukiondoa kipindi, ABC, televisheni inayokirusha, ikakisimamisha, na baada ya kelele ya siku chache kikarudi tarehe 23 mwezi huo huo.

Je, Katiba ilivunjwa? Ukimwangalia ABC peke yake, hapana: ni mwajiri, na anaweza kumpumzisha mchekeshaji wake. Ukimwangalia Carr, maswali ni mazito, kwani mwaka mmoja tu kabla yake majaji wote tisa walikuwa wameamua, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wamiliki wa bunduki dhidi ya ofisa wa New York, kwamba serikali hairuhusiwi kutumia mkono wa mtu binafsi kumchapa msemaji ambaye yenyewe imekatazwa kumgusa. Mimi maoni yangu hayana simile hapa: mtu mwenye rungu la leseni akizungumzia "njia ngumu", hatoi maoni kama mimi na wewe. Anatisha. Wahafidhina waliopiga kelele miaka ya nyuma kwamba serikali ya Biden inazishinikiza kampuni za mitandao zifute posti walikuwa na hoja hiyo hiyo mkononi, na wengi wao safari hii waliiweka mfukoni.

Kuna na njia ya tatu ya kumnyamazisha mtu bila kumfunga: kumchosha kwa kesi. Julai 2025 kampuni ya Paramount, mwenye televisheni ya CBS, ilikubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi ya Rais Trump kuhusu namna mahojiano ya Kamala Harris yalivyohaririwa. Wanasheria wengi waliiona kesi hiyo kuwa dhaifu. Lakini Paramount ilikuwa ikisubiri kibali cha FCC ili iungane na kampuni ya Skydance, na mwezi huo huo kibali kikatoka. Kila msomaji ajumlishe mwenyewe.

Basi hayo ndiyo majibu ya swali la uraiani. Swali la kwanza la mjomba, kama asemayo yule bwana ni kweli, ndilo gumu, kwa sababu sheria ya Marekani inalijibu kwa namna ambayo mtu wa kawaida hawezi kuamini mpaka aisome.

Chukua hukumu mbili za mwaka 2020. Mwanamke mmoja alikishtaki Fox News, kituo cha mrengo wa kulia, kwa sababu mtangazaji wake Tucker Carlson alisema mwanamke huyo alifanya jambo linalolingana na kumtoza Trump fedha kwa vitisho. Mawakili wa Fox walijitetea kwamba mtazamaji mwenye akili timamu, akijua kipindi kile kilivyo, hayachukui maneno ya Carlson kama taarifa ya ukweli. Anajua ni mbwembwe. Jaji wa New York akakubali, kesi ikatupwa. Upande wa pili wa uwanja, kituo cha One America News kilikuwa kimemshtaki Rachel Maddow wa MSNBC, kituo cha mrengo wa kushoto, kwa kusema kituo hicho ni "kihalisia kabisa" propaganda ya Urusi iliyolipiwa. Jaji wa California akaamua vivyo hivyo: watazamaji wa Maddow wanajua anatia chumvi, hata aliposema kihalisia hakumaanisha kihalisia. Mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2021.

Nilipozisoma hukumu hizo nilicheka. Kisha nikamfikiria mjomba, nikaacha kucheka. Sheria inadhani kwamba mtazamaji yupo sebuleni kwake, anakijua kipindi, anamjua mtangazaji, anajua saa mbili usiku ni saa ya maoni na saa kumi na mbili jioni ni saa ya habari. Mjomba anapata sekunde 50 zilizokatwa, neno "News" limeandikwa kwa herufi kubwa pembeni, na mtu aliyevaa tai anazungumza kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Hakuna kinachomwambia kwamba mbele ya jaji mtu huyo huyo atasema alikuwa anapiga soga.

Usidhani lakini kwamba neno "maoni" ni hirizi. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kutanguliza "kwa maoni yangu" hakumwokoi mtu aliyetaja jambo linaloweza kuthibitishwa kuwa uongo. Alex Jones, mtangazaji wa mtandaoni, alisema kwa miaka kwamba mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012, walikouawa watoto 20 na watu wazima 6, yalikuwa maigizo. Wazazi wakaandamwa na wafuasi wake. Mwaka 2022 mahakama za Connecticut na Texas zilimwamuru alipe karibu dola bilioni moja na nusu. Fox yenyewe, iliyoponyoka kwa Carlson, Aprili 2023 ililipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion dola milioni 787.5 ili isikae kizimbani kueleza kwa nini iliacha madai ya wizi wa kura yarushwe hewani huku ujumbe wa ndani ukionyesha watangazaji wake wenyewe hawakuyaamini. Rudy Giuliani, aliyewahi kuwa meya wa New York, aliamriwa mwishoni mwa 2023 kulipa dola milioni 148 kwa mama na binti waliohesabu kura Georgia, ambao aliwasingizia wizi.

Ukiyapanga pamoja utaona mwelekeo. "Rais mwizi" ni kelele ya kiraia. Hakuna atakayekushtaki akafika mbali. "Yule dada aliyevaa zambarau kwenye kituo namba fulani aliingiza kura bandia" ni jambo jingine kabisa, maana ni tukio linalochunguzika na ni mtu asiye na kipaza sauti cha kujibu. Mkubwa anatukanika, mdogo anakingwa. Napenda kanuni hiyo ilivyo kwenye karatasi. Katika maisha, Jones alikimbilia ufilisi na familia zile zimekaa miaka zikiikimbiza fedha yao kutoka mahakama hii kwenda ile.

Sasa, kama kusema kumeruhusiwa tangu miaka ya 1960, mbona kelele yenyewe ni ya juzijuzi? Wazee wa Marekani watakuambia juu ya Walter Cronkite, aliyesoma habari za jioni CBS kuanzia 1962 hadi 1981, na nchi nzima ikamwamini kama babu. Watu walikuwa waungwana zaidi? Sidhani. Wakati ule kulikuwa na mitandao mitatu tu ya televisheni, na aliyelipia matangazo alikuwa muuza sabuni. Sabuni humwuzia wa kulia na wa kushoto. Kumkera nusu ya watazamaji ilikuwa hasara. Ule utulivu wa Cronkite, pamoja na uadilifu wake, ulikuwa pia hesabu ya duka.

Juu ya hapo palikuwa na kanuni ya FCC ya mwaka 1949 iliyodai vituo vya redio na televisheni vizungumzie mambo ya umma na kutoa nafasi kwa mitazamo inayopingana. Sababu ilikuwa uchache wa masafa: mawimbi ni mali ya umma, na aliyepewa asiyatumie kuwalisha watu upande mmoja. Mwaka 1987 Kongresi ilijaribu kuiandika iwe sheria, Reagan akatumia kura yake ya turufu. Agosti mwaka huo huo FCC ikaifuta.

Agosti 1988, mwaka mmoja baadaye, Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani Limbaugh alishinda kwa ulimi peke yake. Ulimi alikuwa nao. Lakini masafa ya AM yalikuwa yakifa: muziki ulikuwa umehamia FM, kwenye sauti safi, na vituo vya AM vilibaki na saa tele na fedha chache. Kipindi cha Limbaugh kilitolewa kwa vituo hivyo kwa mtindo wa kubadilishana: kituo kinapata saa tatu za maneno yanayovuta wasikilizaji, na wasambazaji wa kipindi wanachukua dakika kadhaa za matangazo kuziuza wenyewe. Kwa mwenye kituo kidogo cha Iowa au Alabama, lilikuwa chaguo kati ya kumlipa mwandishi wa kuhudhuria vikao vya halmashauri, au kuchomeka waya na kumpokea Limbaugh. Alichomeka waya. Kisha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ikaondoa kikomo cha vituo 40 vya redio kwa mmiliki mmoja nchini. Miaka michache baadaye kampuni ya Clear Channel ilikuwa na zaidi ya 1,200. Sauti moja, minara mia kadhaa.

Marafiki zangu wa mrengo wa kushoto wana wimbo kwamba kanuni ile ya 1949 ingerudishwa, Fox ingekufa kesho yake. Wamekosea. Kanuni ilihusu vituo vinavyotumia mawimbi ya umma, na Fox News, kama CNN iliyoanza 1980 na MSNBC iliyoanza 1996 mwaka mmoja na Fox, ni ya kebo. Haikuwahi kuguswa na kanuni hiyo. Uchumi wa kebo ndio uliogeuza mambo. Kampuni ya kebo hukilipa kituo kiasi fulani kwa kila nyumba iliyojiunga, nyumba hiyo itazame au isitazame. Kwa hiyo kituo hakihitaji kupendwa na watu wote kama Cronkite. Kinahitaji kundi la mashabiki ambao kikiondolewa watapiga simu kwa hasira. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330, ukipata watazamaji milioni tatu kwa usiku wewe ni mfalme. Na mashabiki hawatunzwi kwa kusomewa bajeti ya wizara. Wanatunzwa kwa hasira ya kila siku, ikiwa moto.

Halafu mtu mmoja mezani ni rahisi kuliko waandishi kumi barabarani. Mwaka 2016, kampeni za Trump zilipokuwa zimepamba moto, mkuu wa CBS wa wakati huo, Les Moonves, aliwaambia wawekezaji kwamba huenda jambo lile halina heri kwa Marekani, lakini kwa CBS lina heri kubwa sana. Watu walimlaani. Mimi nilimshukuru kwa kusema bila kupaka rangi.

Yule bwana wa kwenye gari ni mtoto wa sheria ile ile ya 1996. Ndani yake kuna kifungu cha 230, kinachosema mtandao hauchukuliwi kuwa ndio msemaji wa yale waliyoyaweka watumiaji wake. Akimsingizia jirani, anashtakiwa yeye. Mtandao uliomsukuma mbele ya watu milioni mbili haushtakiwi. Hana mhariri, hana leseni, hana mshahara wa kulinda ukweli wake, na analipwa kwa kadiri watu wanavyobaki kumtazama. Kwa haki, wakati mwingine husema kweli. Wabunge kweli hutegemea fedha za matajiri, hasa tangu Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2010, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi yanaweza kutumia fedha bila kikomo katika uchaguzi ilimradi hayashirikiani na mgombea. Shida ni kwamba hajakwenda kuangalia. Amewaza.

Kwenda kuangalia ndiko kunakogharimu, na mfano ninaoupenda ni wa mji mdogo uitwao Bell, kusini mashariki mwa katikati ya Los Angeles. Watu kama 35,000, wengi wao wahamiaji wenye asili ya Mexico na nchi jirani zake, wafanyakazi wa kipato cha chini. Mwaka 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, walikuwa wakifuatilia matatizo ya mji wa jirani, Maywood, wakasikia minong'ono kuhusu mishahara ya Bell. Wakaomba nyaraka. Wakazungushwa. Hatimaye wakakutanishwa na meneja wa mji, Robert Rizzo, katika chumba cha mikutano kwenye bustani ya umma, wakamwuliza analipwa kiasi gani. Karibu dola 800,000 kwa mwaka. Karibu mara mbili ya mshahara wa rais wa nchi, ambao ni dola 400,000. Madiwani wa muda, ambao kazi yao ni vikao vichache kwa mwezi, walikuwa wakichukua karibu dola 100,000.

Iliwezekanaje? Mwaka 2005 ulifanyika uchaguzi mdogo maalumu uliobadilisha hadhi ya mji na kuutoa chini ya sheria ya jimbo inayoweka kikomo cha malipo ya madiwani. Waliopiga kura hawakufika 400. Hakuna aliyevunja kufuli. Mlango ulifunguliwa kwa taratibu zote, mchana, watu wakiwa kazini. Wakazi wa Bell hawakukosa uhuru wa kusema. Walikuwa na maneno 45 yale yale, na wangeweza kusimama kikaoni na kumwita Rizzo mwizi bila kuguswa na mtu. Walichokosa ni ile namba. Ilipochapishwa, walijaa ukumbini, wakapiga kelele yenye shabaha; Machi 2011 wakawaondoa madiwani kwa kura, na mwaka 2014 Rizzo akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Kumpata Rizzo kuligharimu mishahara ya waandishi wawili, mhariri, wakili wa kudai nyaraka, na wiki kadhaa ambazo zingeweza kuisha bila kitu. Fedha hizo zamani zilitoka kwenye matangazo madogomadogo ya magari yaliyotumika, vyumba vya kupanga na nafasi za kazi. Intaneti iliyachukua, na kwa gazeti hakuna kilichokuja mahali pake. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya thuluthi ya magazeti yake, mengi yakiwa ya wiki, ya miji kama Bell. Mwaka 2025 Kongresi ilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa redio na televisheni za umma, na vituo vinavyoumia zaidi ni vile vya vijijini, ambako pengine hakuna mwandishi mwingine kwa kilomita mia. Katika kaunti hizo maoni hayajapungua. Watu wanajua wanachofikiri kuhusu rais, kuhusu mpaka wa Mexico, kuhusu vyoo vya shule za California. Mshahara wa meneja wa mji wao ndio hawaujui.

Mjomba niliwahi kumweleza haya yote kwa simu, kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyotaka. Akanisikiliza, akaguna, akasema: "Kwa hiyo huyu wa kwenye gari si mwongo, ila hajafika huko." Sijapata mtu aliyeliweka vizuri kuliko hapo.

Tarehe 14 Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuipunguza hadi kikomo cha chini cha sheria idara inayosimamia Sauti ya Amerika. Kesho yake wafanyakazi karibu wote, kama 1,300, wakaambiwa wakae nyumbani, na matangazo yakakatika, ya Kiswahili yakiwemo. Mjomba alikuwa msikilizaji wao tangu ujana. Hakuwa akiamini kila kitu. Alikuwa akisema hao ni watu wa serikali ya Marekani, lakini angalau wana mtu Goma, wana mtu Bujumbura, na mtu huyo anataja jina lake mwishoni. Jioni ile saa yake ya habari ikafika, ikapita. Akaiweka redio chini, akachukua simu, akakuta ujumbe mpya tisa. Saba ni video.